Gari Lisilonguruma

Gari kuukuu la Shekuwe lilisikika tangu kona ya msikitini, na mkewe Zaituni aliinjika chai kabla halijafika. Hili jipya, la haibridi, liliingia uani kwa betri, kimya kama paka.

Dirishani mwa jikoni ikatoka sauti tamu ikiimba, mwiko ukipiga sufuria. Zaituni! Yeye aliyeapa tangu fungate kwamba hajui kuimba!

"Kumbe, mwanamke wewe!" Shekuwe akanong'ona.

Akilizima gari, litalia pii. Betri ikiisha, injini itajiwasha na kunguruma. Vyovyote vile, wimbo utakatika. Akazima kiyoyozi ili betri idumu. Jasho likamchuruzika, naye akitabasamu.

Kwenye dashibodi kilibaki kijiti kimoja cha betri, na Zaituni ndiyo kwanza anapandisha sauti.