Uzi wa Pazia

Kinyozi alisogeza farasi wake kwenye ubao wa sataranji, akaegemea kiti na kusahau kubonyeza saa ya mchezo. Zamu ilikuwa ya Evelio, lakini dakika zilizokuwa zikiliwa ni za kinyozi, na zilibaki mbili tu.

Huku mjini Placetas, hata kwenye fainali, muungwana humkumbusha mwenzake. Evelio alikwishafungua kinywa. Hapo kinyozi akanyoosha mkono kuchukua kahawa, na kifungo cha shati lake kikaonekana.

Kilishonwa kwa uzi wa zambarau.

Mwaka mzima madukani hakuna uzi. Huo wa zambarau mke wa Evelio aliufumua kwenye pazia la chumbani mwao. Na fundo lile, dogo kama kichwa cha sisimizi, Evelio alikuwa nalo kwenye shati lake mwenyewe.

Akafunga kinywa.

“Cheza basi, kaka! Au umeshakiona kipigo?” kinyozi akamtania.

“Nawaza.”

Kibendera chekundu cha saa ya kinyozi, kile kinachoanguka muda ukiisha, kikaanza kuinuka.

“Waza, waza. Mfalme wako hana pa kukimbilia.”

Kibendera kikaanguka.

“Muda wako umekwisha,” Evelio akasema, macho yangali kwenye kifungo. “Sasa vua hilo shati.”