Shahidi Njia Panda ya Kikorongo

Lori la Musitafa lilisimama njia panda ya Kikorongo, injini ikinguruma, dereva hajui akate wapi. Kulia ni Katunguru, kwenye samaki. Kushoto ni Kasese, kwenye mahakama.

Mfukoni alikuwa na hati ya wito. Leo asubuhi afike kutoa ushahidi dhidi ya mtu aliyeiba magunia ya kahawa kwenye lori hilohilo. Musitafa alikuwa amewaambia polisi, na soko zima la Bwera, kwamba alimmulika mwizi kwa taa za gari na sura ile hataisahau hadi kiyama. Sokoni kila mtu ni shujaa. Sasa aliogopa kwelikweli, maana mwizi yuko nje kwa dhamana, tena ana ndugu, na ndugu wana mapanga.

"Mimi naenda Katunguru," alisema. "Kahawa iko ya tajiri, kesi iko ya serikali. Mimi iko na watoto."

Abiria wake alitikisa kichwa. Alikuwa Mkongomani mpole, shati limepigwa pasi, na kule Bwera alikuwa amekataa magari mengine yote akingoja lori hili. Musitafa alijiona dereva wa maana.

"Hapana, shofere. Ukikosa kuenda, hakimu atatuma bapolisi. Batakufunga weye, shahidi! Bazee balisema: kataa neno, usikatae wito."

"Na nikienda, nitasema nini?"

"Sema kile uliona. Kile haukuona, wacha."

Musitafa alimtazama usoni, akamtazama tena. Uso wa mtu mwaminifu, aliwaza; laiti Bwera ingekuwa na watu kama huyu. Wakagawana chapati ya mayai, lori likakata kushoto.

Kasese, abiria hakushuka stendi. Alimsindikiza shahidi mpaka mahakamani, akamwombea kwa Bikira Maria ingawa Musitafa ni Mwislamu, kisha akasema naye ana shughuli humo ndani. Wakaagana vizuri.

Jina lilipoitwa, Musitafa alishika Kurani, akaapa. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama kweli anaweza kumtambua mwizi.

"Hata gizani, afande. Hata akivaa buibui."

"Basi mwonyeshe hakimu. Ni yule pale?"

Musitafa aligeuka. Katika kizimba cha washtakiwa, abiria wake alikuwa akipangusa makombo ya chapati kwenye shati.