Hodi ya Saa Kumi na Mbili

Kibacha alikuwa ameshavaa viatu, begi begani, mkewe Nakijwa alipomzuia mlangoni. Siku hizo nyumba hazikuwa na madirisha. Mwanga na sauti za ndani vilipangwa na fundi, na Kibacha alikuwa fundi asiyekaa mji mmoja.

"Nyumba za watu unazitia uhai, yangu unaniachia kaburi," alisema Nakijwa. "Niwekee basi hata hodi yako."

"Hodi tu, mke wangu? Nakuwekea na kikohozi!"

Akatua begi. Akapanga kila saa kumi na mbili jioni taa zififie hadi rangi ya kibatari, kisha zisikike hatua za viatu, kikohozi, na sauti yake mlangoni: "Hodi wenyewe!" Wakacheka, akaenda zake. Alisema miezi mitatu. Ikawa miaka tisa, maana kila mji una mji wa mbele yake.

Alirudi jioni, saa kumi na mbili ikikaribia. "Hodi wenyewe!"

"Karibu, mume wangu," Nakijwa aliitikia kutoka ndani, asiinuke kitini.

"Hodi!"

"He! Leo mashine imerukwa na akili, hodi mbili?"

Mgeni hubisha mara tatu, asipofunguliwa, hugeuza. Hodi ya tatu ilitoka ndani ya nyumba, kwa sauti changa kuliko yake, nayo ikakaribishwa kwa upole uleule. Kibacha akaokota begi lake.

Alifia Kaliua, katika chumba cha kupanga. Nakijwa aliishi miaka sita zaidi. Mpangaji wa sasa wa nyumba ya Nakijwa huitikia "karibu" kila jioni, wala hajui anamkaribisha nani.