Shingo Nene

"Shida ni shingo ya gita," nilimwambia mke wangu kwenye mazoezi ya kwaya yetu, Kasulu. "Yangu nene, mkono unachoka. Ya Aksanti nyembamba, ndiyo maana vidole vyake vinakimbia."

Aksanti, mpiga solo mpya kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alinisikia. Akavua gita lake.

"Kamata, ndugu yangu. Leta yako."

Kwenye shingo ile nyembamba, kidole gumba changu kilikosa pa kuegemea. Kiganja kikakakamaa, nyuzi zikakwaruza.

Yeye akaifumbata shingo yangu nene kwa kiganja kizima, akapiga. Gita langu halijawahi kunililia vile.

Mke wangu akaanza kuimba, macho ameyafumba.

"Hii inaenea mukono yangu muzuri," Aksanti alisema. "Tubadilishane kabisa?"

"Mpe," mke wangu akajibu, bila kufumbua macho.

Nikachomoa waya wa spika kwenye gita langu.