Simu Iliyojua Kijaluo

Asubuhi hiyo, simu ilimwuliza Kimaiyo kama angependa kujifunza Kijaluo.

Hakuwa amemwambia mtu yeyote ila Akoth mwenyewe, mshona nguo Mjaluo wa mtaa wa Bondeni, kwamba anataka kumwoa. Zaidi ya wote aliyemwogopa ni mama yake kule Njoro, ambaye kila baada ya ibada alimtajia binti mwingine wa Kikalenjin mwenye adabu. Kimaiyo alimpenda Akoth kufa kupona, lakini kuoa bila baraka za mama hakuweza, na alijijua.

Picha za Akoth alizihifadhi kwenye akaunti yake, kila moja na jina lake, kwa sababu kampuni ya simu iliahidi kwamba hakuna mwingine angeziona. Ahadi yenyewe ilikuwa ndefu na Kimaiyo hakuisoma. Alibonyeza "nakubali" akaendelea na chai yake.

Sasa alibandika plasta kwenye kamera. Akienda kwa Akoth, simu aliiacha ndani ya debe la unga. Haikusaidia kitu. Yakaja matangazo ya mapishi ya omena, dagaa wa ziwani, kisha nyimbo za kanisani za Kijaluo, kisha mabasi ya Kisumu.

"Hao watu wa matangazo hata hawajui Njoro ni wapi," Akoth alimwambia akicheka. "Wanataka tu ununue kitu."

Kimaiyo hakucheka. Mama naye siku hizi alikuwa mtandaoni: Kimaiyo alimpa simu yake ya zamani, vile vile ilivyokuwa, bila kufuta kitu, awe anatazama mahubiri. Ikiwa kampuni ilishaijua siri, ingekosaje kumfikishia mama? Afadhali aungame mwenyewe kabla simu haijamtangulia.

Jumamosi akaenda Njoro, maneno ameyapanga kichwani. Jikoni hapakuwa na mtu. Alisikia sauti ya mama upande wa zizi, akanyatia.

Simu ya zamani ilikuwa imeegemezwa kwenye ndoo ya maziwa, picha ya Akoth ikiwa kwenye kioo. Mama, kitambaa chake cha kanisani kichwani, alikuwa amesimama mbele ya ng'ombe, akimsalimia kwa heshima zote.

"Oyawore, Mama Akoth," alisema kwa Kijaluo cha kujifunza, akakohoa kidogo, akaanza tena. "Oyawore. Kijana yangu anaogopa kuniambia, ndio nimekuja mimi mwenyewe."