Mkanda wa Beta

Bi Tausi alizunguka mji mzima akitafuta mashine ya kuchezea mkanda wake wa video wa Beta. Watu walishazitupa mashine hizo tangu mikanda ya VHS iliposhika soko. Hatimaye fundi Mbaruku akafufua moja kuukuu.

"Mama, mkanda umechakaa. Ukicheza mara moja huenda ukakatika."

"Uweke, mwanangu. Sauti ya marehemu mume wangu imeanza kunitoka akilini."

Runingani akatokea msichana aliyejifunika uso kwa kanga, akimwonea haya aliyeshika kamera.

"Tausi," sauti ya kiume ikabembeleza, "hebu funua uso nikuone."

Pale dukani kwa fundi, Bi Tausi, aliyekuwa akilia ndani ya kanga yake, akaufunua uso taratibu. Mkanda ukakatika. Kioo kikawa cheusi, naye akabaki vivyo hivyo, uso wazi, kama mtu anayetazamwa.