Taa za Falcon

Mwanamke asiyemfahamu alikuwa ameshafika kwenye boneti kabla Clem hajasikia hatua zake. Clem alikuwa amepiga magoti mbele ya gari lake la miaka mingi, Falcon, ndoo pembeni, kitambaa chenye polishi mkononi, akisugua taa ya kushoto.

"Hili nalo linauzwa?" mwanamke aliuliza.

Alikuwa akitafuta nyumba inayouza vitu vyake vya zamani, kama watu wa mji huu mdogo wa Orroroo wafanyavyo Jumamosi asubuhi. Aliona gereji wazi na gari nje, akadhani amefika. Clem alimjibu kwamba nyumba hiyo iko mtaa wa pili, na gari hili haliuzwi.

"Nyoosha moja kwa moja, binti, halafu kata kulia."

Mwanamke alicheka. Alisema anaitwa Bronwyn, ana wajukuu wanaonyoa ndevu, na kama mitaa yote ya hapa inaita watu binti, basi atahamia leo leo.

Clem alitabasamu kwa adabu. Siku hizi alitabasamu kwa adabu, alikula kwa sababu saa ya kula imefika, alilala kwa sababu kumekuwa giza. Tangu mkewe Noelene apelekwe kwenye nyumba ya wazee Port Pirie, hakuna kilichomuuma sana, na hakuna kilichomfurahisha.

Bronwyn hakuondoka. Alitaka kujua kazi inaendaje, naye Clem akamweleza. Rangi alishaimaliza: aliondoa kwa polishi ule unga unaoota juu ya rangi iliyochomwa na jua, mlango baada ya mlango, kwa mkono, kisha akapaka nta. Zilizobaki ni taa. Plastiki ikichomwa na jua miaka yote hiyo hugeuka njano, kisha nyeupe. Unabandika tepu kuzunguka ili usikwaruze rangi, unapiga msasa wa maji, kwanza wenye kukwaruza, halafu laini, halafu laini zaidi, mwisho polishi. Mwenye duka la vipuri aliapa kwamba zingetakata mara ya kwanza tu. Clem alikuwa amerudia kazi yote upya, tena na tena. Kila alipokausha kwa kitambaa aliukuta weupe pale pale, kama maziwa yaliyozidishwa maji.

"Na ukiziacha hivyo hivyo?"

Hakuweza kuziacha. Jioni moja mwezi uliopita, akirudi kutoka Port Pirie, aligonga kile kinguzo cheupe cha pembeni mwa barabara. Kinguzo tu. Lakini binti yake, Trudi, alifunga safari kutoka Adelaide, akasimama papa hapa na kumwambia basi, aache kuendesha kabla hajaua mtu. Clem alimwonyesha taa, na siku ile kweli zilikuwa za njano kama siagi. Ni taa, alimwambia. Nipe nafasi nizisafishe. Ikionekana si taa, nitakukabidhi funguo kwa mkono wangu. Trudi alikubali, maana baba yake hakuwahi kumdanganya.

"Si upande basi," Bronwyn alisema.

"Basi lipi? Hapa hata mbwa wa kukubwekea unamsubiri wiki nzima."

Kisha akamweleza lililobaki, kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya nyuma ya kopo. Noelene hamjui tena. Humwita bwana, kama fundi aliyekuja kuangalia bomba. Lakini kila Jumatano na Jumapili hukaa dirishani, na Falcon ikiingia getini huchukua koti lake. Gari analijua. Huingia, hukaa kiti chake kile kile, hufunga mkanda na kuuliza wanakwenda wapi. Clem humtajia mahali popote, nao hubaki palepale uani wakila chipsi, injini imezimwa, hadi Noelene aanze kusinzia. Trudi ana kazi na watoto. Akijitahidi, ataweza kuja kumpeleka mara moja kwa mwezi.

Bronwyn hakutania tena.

Clem aliimwagia taa maji, akaifuta, akasimama kwa shida. Alisema ana ombi moja.

"Hunijui, kwa hiyo huna sababu ya kunionea huruma. Inama uziangalie. Usinifurahishe."

Bronwyn aliinama. Alitazama ya kushoto, akahamia ya kulia, akarudi ya kushoto.

"Mzee wangu, unanitania?"

"Sema tu."

"Naona balbu. Naona mpaka kiwaya kilichomo ndani ya balbu. Ungeniambia umezinunua leo, ningeamini." Alinyoosha mkono kuelekea boneti, akaurudisha bila kugusa. "Na hapa najiona na makunyanzi yangu yote."

Clem aliinama hadi pua ikakaribia kugusa taa. Weupe ulikuwa pale pale. Kisha akaiendea ya pili, akafanya vilevile.

Bronwyn alimpongeza. Alisema kesho mkewe ataingia kwenye gari jipya. Clem alimshukuru, akamkumbusha kukata kulia, akasimama pale hadi mngurumo wa gari la mgeni ulipopotea. Alimwaga maji ya ndoo kwenye majani, akakunja vitambaa kimoja kimoja, akabandua tepu. Halafu akaingia ndani, akampigia Trudi.

"Ni mimi," alisema. "Taa zimetakata, mwanangu. Njoo uchukue funguo."